Sikio la Pili la Mzee Nassor

Juzi mjukuu wangu alipita hapa barazani kwetu Mpendae akizungumza, anacheka, anapunga mikono. "Haya, basi, n'takuletea kesho," akasema. Nikamwitikia, "Utaniletea nini?" Hakunijibu, akapita zake. Nikaudhika. Kumbe ana vile vidude vyeupe vya masikioni visivyo hata waya, na anayeletewa kitu kesho ni mtu mwengine, yuko Maskati huko. Alipomaliza nikamwambia, "Hebu niazime na miye." Akanipachika kimoja. Nikasikia msichana ananiita habibi, nikakirudisha haraka kabla bibi yenu hajatoka jikoni.

Basi nikakaa nikacheka peke yangu. Nyinyi wanangu mnaona mambo haya yameanza na nyinyi. Mimi nimevaa vitu masikioni kabla baba zenu hawajazaliwa, na nilikuwa nikilipwa kwa kuvivaa. Miaka ile ya hamsini nilikuwa opareta wa simu Mji Mkongwe. Hedifoni zetu zilikuwa mbili, nyeusi, nzito, zimeunganishwa kwa ukanda wa chuma unaopita juu ya utosi, na mbele kifuani umevaa kitu kama pembe ndogo ya kusemea. Ukizivaa asubuhi hadi adhuhuri masikio yanakuwa mekundu, na jasho la mwezi wa pili linakutambaa shingoni. Shida yangu kubwa ilikuwa kofia. Bila kofia nilijiona sijavaa nguo. Nikizivaa hedifoni juu ya kofia, sisikii vizuri na viua vyake vya uzi vinabonyea. Nikiivaa kofia juu ya hedifoni, naonekana nimefuga nundu. Mama yangu aliyeishona kofia ile kwa mkono wake alinitazama siku moja narudi nayo imepindana akauliza, "Mwanangu, kazini kwenu mnapigwa?" Tangu siku hiyo kofia ikawa inakaa mezani, na mimi nikafanya kazi kichwa wazi.

Aliyenifunza alikuwa Bwana Kaitano, Mgoa mtu mzima, mwembamba, suruali zake zimepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Aliongea Kiswahili cha Mji Mkongwe kama aliyezaliwa nacho, na kweli alizaliwa nacho. Siku ya kwanza nilidhani atanifunza ule ubao wenye matundu na zile kamba za kuchomekea. Hakunigusisha. Alinivalisha hedifoni akaniambia nifumbe macho nisikilize tu.

"Unasikia nini?"

"Mtu anavuta pumzi."

"Huyo kashika simu juu chini. Masikioni kaweka pa kusemea. Mwambie aigeuze."

Na kweli. Nikamwambia aigeuze, akaigeuza, akaanza kunilaumu kwamba tulikuwa tumelala. Ndivyo nilivyoifahamu kazi. Watu waliogopa mkono wa simu wakati ule. Kuna waliousogeza mbali na sikio wakihofia radi. Kuna waliouweka juu ya kilemba, kisha wakalalamika sauti inatoka kwenye mtungi. Kuna bibi mmoja wa Malindi aliyekuwa akisema maneno yake yote, kisha akakata simu kabla hajajibiwa, kwa sababu yeye alikuwa keshamaliza. Opareta alitakiwa ayajue yote hayo kwa sikio, kwa sababu macho hayafiki.

Bwana Kaitano alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, yanayopita masikioni mwako si yako. Usiyapeleke barazani, usiyapeleke nyumbani, na ukimkuta mwenyewe njiani muamkie kama usiyejua lolote. Aliyevunja sheria hiyo alifukuzwa siku hiyo hiyo. Ya pili ilihusu laini za shamba, za nje ya mji. Waya wa kutoka mbali ukilowa mvua, sauti inafifia, na wa mjini akawa hamsikii wa shamba. Lakini sisi wa katikati, na hedifoni zetu mbili, tulikuwa tunawasikia wote. Basi tulikuwa tunasema kwa niaba yao. Shamba akisema neno, nalichukua, nalirudia kwa mjini. Na sheria ilikuwa ulirudie vilevile. Akisema "mimi", nawe useme "mimi".

"Ukianza na habari za 'anasema ati'," Bwana Kaitano akaniambia, "dakika mbili tu utaanza kumsemea na asichosema."

Kwa hiyo katika maisha yangu nimeshawahi kuwa na homa Makunduchi, nimeshawahi kupoteza ng'ombe Chwaka, na nimeshawahi kujifungua mtoto wa kiume, Alhamdulillahi, mama na mwana hawajambo.

Lipo na jambo moja alilonionesha kama mchezo tu. Alichukua kisikilizio kitupu, kile cha kuweka sikioni peke yake bila pa kusemea, akakiunga na waya, akaenda nacho chumba cha pili akafunga mlango. Nikasikia kwenye hedifoni sauti ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya kabati: "Kofia yako imeanguka chini." Nikatazama, imeanguka kweli. Alirudi anacheka. Sikio la simu, aliniambia, nalo lina mdomo mdogo. Ukisogeza midomo karibu ukanena ndani yake, mwenye hedifoni nzuri atakusikia. Watu hawajui, na hawana haja ya kujua. Nikaliweka jambo hilo kichwani pamoja na mengine.

Sasa nikupeni habari ya Mzee Nassor.

Mzee Nassor alikuwa na duka la nguo Darajani, na juu ya duka ndiyo nyumba yake. Mtu mkubwa, mcheshi kwa wateja, mkali kwa watu wake. Alikuwa na simu dukani na akiitunza sana. Kila Alhamisi aliifukiza udi. Siku moja akaona haitoshi, akachukua mrashi akainyunyizia marashi ya mawaridi mpaka ndani ya vitundu vya sikio. Simu ikanyamaza. Bwana Kaitano akanituma nifuatane na fundi nikajifunze. Fundi alipolifungua sikio lile, duka zima lilinukia kama chumba cha bibi harusi, na kile kibati chembamba kinachotetema ndani kilikuwa kimeshika kutu.

Tukambadilishia. Akajaribu, akasema bado haisikiki. Fundi akajaribu, inasikika. Mimi nikajaribu, inasikika. Mzee Nassor akasema, "Hii simu ina ubaguzi." Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kibovu kilikuwa sikio lake la kulia, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyethubutu kumwambia. Fundi alikuwa na akili. Akamwambia, "Mzee, kwa biashara kubwa kama yako, tunaweka sikio la pili." Akampachikia ubavuni mwa simu kisikilizio cha ziada, kimening'inia kwenye ndoano yake, ili mtu mwengine asikilize wakati mzee mwenyewe ameshika mkono wa simu. Cha kusikilizia tu, hakina pa kusemea. Mzee akafurahi kwa ule ukubwa wa biashara. Akamwita binti yake kutoka juu, aitwaye Zuhura, ndiye awe anasikiliza na kumrudilia.

Zuhura sikumuona. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, ukatoka mkono tu wa kupokea kile kisikilizio. Mkono ule ulikuwa na bangili nyingi za fedha, na kila ulipogusa kisikilizio zililia.

Tangu hapo, nikiunga simu ya duka lile, nilikuwa najua anaposikiliza. Sikio la pili likinyanyuliwa, sauti hupungua kidogo, kama dirisha limerudishwa nusu. Kisha bangili zinalia. Mzee anasema, "Kasemaje?" na kwa mbali sauti ya kike inamjibu. Zuhura mwenyewe hakusema na simu hata siku moja. Mtoto wa kike wa nyumba ile hakuzungumza na mwanamme asiyemjua, na opareta ni mwanamme asiyemjua.

Zuhura akaolewa na Makame, fundi seremala, mtu wa Tumbatu. Mzee Nassor hakumtaka sana lakini alikubali. Wakakaa vizuri, kisha wakagombana. Waligombana kwa harusi: Zuhura alikwenda harusini kwa jamaa zake bila ya kuaga, Makame akarudi kazini akakuta nyumba imefungwa, akapandwa na hasira, na hasira zikamtoa neno. Talaka moja, ya kurejeka. Zuhura akarudi Darajani kwa baba yake kukaa eda, na Makame akachukua kazi ya majengo Mkokotoni, kwa aibu.

Haya yote nisingeyajua. Niliyajua alasiri moja ya masika, mvua inapiga mabati, kijitundu cha Mkokotoni kikafunguka kwenye ubao, ishara ya kwamba mtu anapiga. Nikachomeka. Sauti ya mbali, waya unakaanga.

"Opareta, assalaam alaykum. Miye Makame bin Vuai, hapa kazini Mkokotoni. Nipe duka la Mzee Nassor, Darajani. Tafadhali, bwana, fanya hima."

"Wa alaykum salaam. Laini mbaya, bwana. Itabidi nikusemee."

"Nisemee vyovyote. Eda ya mke wangu inakwisha, na nimesikia baba yake keshampa ahadi ya ndoa binamu wa Zuhura, wanangoja siku tu. Nilikuwa nnakuja mwenyewe. Barabara imekatika, maji yamechukua daraja. Nina watu wawili hapa wamesimama wananishuhudia. Sina kingine ila simu hii."

Wanangu, nilikuwa kijana, sijaoa. Nilihisi hedifoni zimekuwa nzito maradufu. Nikapiga Darajani. Mzee Nassor akapokea.

"Naam! Nani?"

"Simu ya Mkokotoni, mzee. Laini mbovu, nitamrudilia." Kisha nikamwambia Makame, "Sema."

Akasema. Na mimi, kama nilivyofunzwa, nikarudia vilevile, kwa sauti kubwa, mbele ya maopareta wenzangu:

"Mimi Makame bin Vuai. Nimemrejea mke wangu Zuhura binti Nassor."

Mzee Nassor akanguruma, "Weye ni opareta, umemrejea nani weye?"

"Si mimi, mzee! Ni Makame. Mimi namsemea."

"Sisikii!"

Nikarudia. "Nimemrejea mke wangu Zuhura!" Jirani yangu wa kulia alichomoa kamba asiyotakiwa kuichomoa. Mtu aliyekuwa akizungumza na Bububu akapotea.

"Hii simu mbovu," akasema Mzee Nassor. "Kelele tupu. Mwambie aje mwenyewe, kama mwanamme." Akakata simu. Mpaka leo sijui kama hakusikia au hakutaka kusikia. Nikageukia Mkokotoni nimwambie Makame, na pale pale waya ukakatika. Nikaita, nikaita. Hakuna kitu. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo.

Jioni ile sikula. Nikaenda kwa maalim aliyenisomesha Kurani chuoni, nikamuuliza bila ya kutaja jina la mtu. Mume kamrejea mkewe kwa simu, mke hakuambiwa, inakuwaje?

"Mke kusikia si sharti," akanijibu. "Sharti mume aseme kabla ya eda kumalizika. Akishasema, ni mkewe."

"Na wasipojua, wakamuoza mtu mwengine?"

Maalim akaniangalia. "Wataoza mke wa mtu. Allah atuepushe. Kwani nani huyo?"

Nikasema ni mfano tu. Nikarudi nyumbani. Kule Mkokotoni wako mashahidi wawili, lakini barabara hakuna na waya hakuna. Mjini aliyeyasikia maneno yale kwa Makame mwenyewe ni mimi, na mimi mdomo wangu umefungwa. Nikienda Darajani kusema, kazi sina, na Mzee Nassor atasema huyu kijana ana lake jambo na binti yangu, maana yeye mwenyewe kanisikia nikitamka. Nikinyamaza, msichana wa watu ataingizwa katika haramu asiyoijua. Niliogopa, nawaambia kweli. Sikuwahi kuogopa kazini kabla ya hapo.

Asubuhi nikamwendea Bwana Kaitano. Alikuwa ameshajua, maopareta wenzangu walikuwa hawajaacha kunipongeza kwa ndoa. Yeye Mkristo, mambo ya eda ilibidi nimfahamishe. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja.

"Sikio la pili lilinyanyuliwa?"

Nikafumba macho kama siku ya kwanza. Nikayarudia yote kichwani. Mvua. "Sisikii!" Kisha, niliporudia mara ya pili, sauti ilipungua. Ilipungua kidogo tu, na mimi nilidhani ni mvua.

"Sina hakika," nikasema.

"Basi jaribu laini," akasema Bwana Kaitano. "Mteja kalalamika simu mbovu. Kazi yako ni kuijaribu. Na ukijaribu simu, unajaribu vyombo vyake vyote." Akaondoka kwenda kukoroga chai yake.

Nikapiga Darajani. Mzee Nassor akapokea.

"Shikamoo mzee," nikapaza sauti. "Hapa opareta. Jana ulisema simu mbovu. Tunaijaribu."

"Marahaba. Weye ndiye yule?"

"Ndimi, mzee."

"Mmh. Haya, jaribu."

"Nakusikia vizuri. Sasa tujaribu sikio la pili. Kuna mtu wa kulishika?"

Akaita juu. Nikasubiri. Nilisikia mteja anauliza bei ya kaniki, nikasikia kandambili kwenye ngazi. Kisha sauti ikapungua, dirisha likarudi nusu, na bangili zikalia.

Nikaishusha sauti ikawa ya kawaida ya kazi, nikasema neno kwa neno, kama ninayesoma tangazo: "Aliyeshika sikio la pili, tunataka kujua kama lilikuwa zima jana. Simu ya jana alasiri, ya kutoka Mkokotoni, ilisikika maneno yake? Kama ilisikika, gonga kisikilizio kwa ukucha."

Mzee Nassor akasema, "Anasemaje huyu?"

Kisha ukucha ukagonga. Na baada ya ukucha nikasikia kitu ambacho hakuna mtu aliyemfunza binti yule, isipokuwa haja yake mwenyewe ilimsukuma. Alisogeza midomo kwenye kile kisikilizio kisicho na mdomo. Sauti ilitoka ndogo, ya ndani ya kabati.

"Nshasikia," akasema. "Yote nshasikia. Nilikuwa nnaogopa kumwambia baba. N'tamwambia leo."

"Ahsante," nikasema. "Laini nzima." Nikachomoa kamba, nikavua hedifoni, nikainamisha kichwa juu ya meza nikalia kwa furaha, na kofia yangu nikaifanya leso. Bwana Kaitano akaniwekea kikombe cha chai mbele yangu bila ya kuuliza.

Msinione nimekuwa shujaa, sikufanya kitu. Makame kasema, Zuhura kasikia. Mimi nilikuwa waya tu, na waya ulikuwa mzima. Lakini raha niliyoipata siku ile sijaipata tena mpaka siku niliyooa mwenyewe, na hiyo pia ilikuwa na wasiwasi wake.

Mambo ya ndani ya nyumba ile sikuyajua. Nilipita Darajani mara mbili tatu, nikamuamkia Mzee Nassor kama sheria inavyotaka, naye akaniitikia huku ananitazama kwa jicho la upande. Binamu wa Zuhura nilimuona sokoni ananunua ndizi, hana dalili ya harusi. Nikajipa moyo. Mvua zikapungua, barabara ikawa bado, lakini mafundi wakasimamisha nguzo, laini ya Mkokotoni ikarudi safi kuliko mwanzo.

Siku hiyo hiyo kijitundu cha Darajani kikafunguka.

"Opareta," akasema Mzee Nassor. "Ni weye?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Kuna mtu hapa anataka kusema mwenyewe. Nimemkatalia toka asubuhi, nimechoka. Mkono wa simu nampa yeye." Akakohoa. "Na hili sikio la pili leo nnalishika miye. Sikio la kushoto."

Dirisha likarudi nusu. Bangili zikalia, safari hii kwenye mkono wa simu, karibu, na ikaja sauti nzima niliyowahi kuisikia kwa kunong'ona tu.

"Bwana opareta, nipe Mkokotoni. Nnamtaka mume wangu."

"Naam, Bi Zuhura."

"Na leo usinisemee."

"Sikusemei, bibi. Laini nzuri."

Nikachomeka. Nikasikia kule kengele inalia, nikasikia Makame anapokea, anasema "Halo?" kwa sauti ya mtu ambaye bado hajui. Basi. Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani, nikavaa kofia yangu. Waliambizana nini sijui, na kila ninapomuona kijana anapita na vidude vyake masikioni anacheka peke yake, nafurahi kwamba sikujua.